Uchambuzi wa kisa: shule ya Alcott pale Boston, watoto waliipenda na wazazi wakawatoa

Kisa kinahusu nini

Huyu mtu anaitwa Amos Bronson Alcott, mwalimu wa Marekani wa karne ya 19, na wengi wakimjua basi wanamjua kupitia binti yake Louisa aliyekuja kuwa mwandishi maarufu. Mimi nataka tumuangalie yeye mwenyewe, tena kwenye kipande kimoja tu cha maisha yake, ile shule aliyofungua Boston mwaka 1834 na kufikia 1839 hakuna kitu. Nawaandikia walimu na wenye shule, hasa hizi ndogo za binafsi, kwa sababu kila nikikirudia hiki kisa naona makosa ambayo mtu mwenye nia njema kabisa anaweza kuyafanya hata leo, na humo humo kuna uamuzi mmoja ambao watu wanautupia kwenye fungu la makosa wakati haukuwa kosa hata kidogo.

Kuhusu majina: watoto na wazazi nimewatoa wote. Baadhi wanajulikana kwenye vitabu vya historia lakini hapa sitawataja, na mkifika mbele mtaona kwa nini, maana ishu ya maneno ya watoto kutoka hadharani ndiyo iliyoharibu mambo. Waliobaki kwa majina ni watu wazima waliokuwa wanajulikana enzi zile.

Alikotoka

Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1799 huko Wolcott, Connecticut, familia ya wakulima wa kawaida tu. Shule aliyosoma ni ile ya kijijini, akaiacha mapema, akafanya kazi kidogo kwenye kiwanda cha saa, halafu akawa mmachinga anazunguka Virginia na Carolina kuuza vitu vidogo vidogo mlango kwa mlango. Alirudi na madeni ambayo baba yake ndo alibeba mzigo. Hii naitaja sio kumdharau, ni kwa sababu hesabu za hela zitamsumbua maisha yake yote na mtaziona tena.

Kuna binamu yake, William Alcott, walikua pamoja na wakaanzisha kamaktaba kao kadogo wakiwa vijana. William naye alikuwa mwalimu, akaenda kusomea udaktari Yale, mwaka 1832 akachapisha insha kuhusu namna ya kujenga majengo ya shule ili watoto wapate nafasi na hewa, na 1850 akawa rais wa kwanza wa chama cha Wamarekani wasiokula nyama. Namleta hapa kwa sababu hawa wawili waliona kitu kimoja ambacho wenzao walikuwa wanakipita: mtoto anakalishwa kwenye benchi lisilo na mgongo, chumba kina giza na moshi au baridi kali, anakaririshwa, akisinzia anachapwa, halafu mwisho wa siku anaambiwa hana akili. Kwao afya ya mtoto na masomo ya mtoto vilikuwa kitu kimoja.

Bronson alipopata shule pale Cheshire, Connecticut, mwaka 1825, kitu cha kwanza hakuanza na silabasi. Aliweka migongo kwenye mabenchi, akarekebisha mwanga na joto la chumba, akanunua vibao vya kuandikia kila mtoto na chake, tena kwa hela yake mwenyewe, na akapunguza sana kukaririsha na kuchapa. Watoto wakaanza kuipenda shule. Wazazi sasa, wao wakaanza kujiuliza huyu anafundisha kweli au anacheza na watoto, minong'ono ikakua mpaka ikafunguliwa shule nyingine pale pale kushindana naye, na 1827 akaondoka. Naomba mlikumbuke hili la Cheshire kwa sababu kila kitu kilichotokea Boston kilishatokea pale kwa udogo wake, yeye tu hakukaa chini kukichambua.

Ilivyokwenda

Septemba 1834 akafungua shule kwenye jengo la Masonic Temple, Boston, mtaa wa Tremont, na ndio maana ikaitwa Temple School. Alianza na watoto kama 30, wengi wa familia zenye uwezo, wadogo wana miaka mitatu mpaka wakubwa wa kumi na mbili hivi. Chumba kilikuwa kikubwa chenye dirisha refu linaloingiza mwanga, akakipamba kwa picha na sanamu za vichwa vya watu kama Socrates, Shakespeare na Milton. Vingi alivinunua kabla hela haijaingia. Msaidizi wake alikuwa Elizabeth Peabody, mwanamke msomi sana, anafundisha Kilatini na hesabu na jiografia, na zaidi ya hapo anakaa pembeni anaandika karibu neno kwa neno yale mazungumzo ya darasani.

Mazungumzo ndiyo yaliyokuwa somo lenyewe. Neno moja tu la imla linaweza kuchukua muda mrefu, mwalimu anauliza hili neno ukilisikia unaona nini, umeshawahi kulihisi, mtoto mmoja anajibu, mwingine anampinga, na kila mtoto ana shajara yake anaandika kila siku. Adhabu nazo zilikuwa za aina yake. Kuna siku wavulana wawili walikosea, akawaambia leo hamchapwi nyinyi, mtanichapa mimi mkononi. Wakachapa kidogo kidogo kwa woga, akawaambia hapana, chapeni kweli, wakachapa na machozi yakawatoka. Sisi tuliosoma kwa fimbo tunajua jinsi hiyo ilivyo ngumu kuielewa, lakini darasa lilikaa kimya na kwa mujibu wa Peabody lile tukio liliwaingia watoto kuliko kiboko chochote.

Mwaka 1835 Peabody akachapisha kumbukumbu za shule, kitabu kikapokelewa vizuri na shule ikapata jina, wanafunzi wakaongezeka mpaka karibu 40. Alcott akampa binti yake wa tatu, aliyezaliwa Juni mwaka huo, jina la Elizabeth Peabody. Mambo yalikuwa mazuri kiasi hicho.

Halafu akaanza mazungumzo kuhusu Injili. Aliamini mtoto anazaliwa akiwa bado karibu na Mungu kuliko mtu mzima, kwa hiyo ukimuuliza vizuri atakuambia ukweli ambao wakubwa wameusahau. Akawauliza kuhusu Yesu, kuhusu roho, na walipofika kwenye kuzaliwa kwa Yesu akawauliza watoto wenyewe wanadhani mtoto anakujaje duniani. Mtoto mmoja wa miaka sita akajibu kitu kwamba mwili unatengenezwa kutokana na utundu wa watu wengine. Hata tohara iliguswa. Kwa leo unaweza kuona ni maneno ya kawaida ya mtoto, ila Boston ya 1836 hiyo ilikuwa moto.

Peabody alikuwa ameshaanza kuona hatari. Alikuwa anaishi nyumbani kwa kina Alcott, uhusiano ukaharibika, barua zake binafsi zikafunguliwa na kusomwa pale nyumbani, na mshahara alioahidiwa ulikuwa hauji. Akaondoka katikati ya 1836. Agosti akamwandikia Alcott akimwomba asiyachapishe yale maneno kwenye kitabu alichokuwa anakiandaa cha hayo mazungumzo ya Injili, au basi ionekane wazi kwamba yeye kama mwandishi wa kumbukumbu hakukubaliana na kila kitu. Alcott akafanya kitu cha ajabu: akayatoa yale maneno kwenye mwili wa kitabu akayaweka nyuma kama maelezo ya ziada, yote pamoja sehemu moja, yaani mtu anayetafuta ubaya hahitaji hata kuhangaika kufungua kurasa. Juzuu la kwanza likatoka Desemba 1836, la pili mwanzoni mwa 1837, gharama za kuchapisha juu yake mwenyewe. Na watoto walitokea humo kwa majina yao ya kwanza, kwenye shule ya watoto 40 ambayo kila familia inamjua mtoto wa mwenzake.

Magazeti yakamshukia. Boston Daily Advertiser na Boston Courier yote yakampiga, na ikanukuliwa kauli iliyohusishwa na Andrews Norton, aliyewahi kuwa profesa wa Harvard, kwamba theluthi ya kitabu ni upuuzi, theluthi ni kufuru na theluthi ni uchafu. Rafiki yake Ralph Waldo Emerson, mwandishi na mwanafalsafa, akaandika kumtetea. Peabody mwenyewe, ambaye alikuwa ameshaumizwa na hawa watu, naye akaandika kumtetea, na hapo mimi namvulia kofia. Margaret Fuller, mwandishi aliyekuja kushika nafasi ya Peabody, akafundisha miezi michache akaondoka naye pia bila kulipwa sawasawa.

Wazazi hawakusubiri. Wanafunzi wakashuka mpaka kama 10, Aprili 1837 maktaba ya shule na zile sanamu zikapigwa mnada, na mwezi uliofuata mabenki ya Marekani yakaingia kwenye ule mtikisiko mkubwa wa 1837 kwa hiyo hata mzazi aliyekuwa anasitasita akapata sababu ya kubana ada. Nakala nyingi za kitabu zikaishia kuuzwa kwa uzito kama karatasi chakavu kwa watengeneza masanduku, na kufikia 1838 ile Temple School haipo tena.

Akabaki na kashule kadogo nyumbani. Mwaka 1839 akampokea mtoto wa kike mweusi. Wazazi wa weupe wakasema mtoe au tunaondoka, akasema simtoi, wakaondoka. Akabaki na yule binti, na mabinti zake mwenyewe, na mtoto wa rafiki mmoja, na Juni 1839 shule ikafungwa kabisa.

Maamuzi na kwa nini aliyafanya

Kuchapisha ndio uamuzi ninaotaka tukae nao. Wengi wanasema alikuwa mkaidi tu, mimi naona alikuwa na hoja: kama kweli unaamini umegundua namna mpya ya kumfundisha mtoto, na ushahidi wako ni maneno ya watoto wenyewe, ukiyakata utakuwa umeuchezea ushahidi. Ndio maana yale aliyoombwa kuyafuta aliyahifadhi nyuma. Alikuwa anajiona mtafiti. Shida ni kwamba ushahidi wake ulikuwa ni watoto wa watu, waliozungumza wakiwa wamemwamini, na hakuna mahali panapoonyesha alikaa na mzazi mmoja mmoja akamwambia mwanao amesema hivi, nataka kuchapa, unaonaje.

Uamuzi wa kuanza kwa vitu vya gharama ulitokana na imani ileile ya Cheshire kwamba chumba kinafundisha. Nakubaliana naye kabisa kwenye wazo. Ila migongo ya mabenchi na vibao ni kitu kimoja, sanamu za Milton kwa mkopo ni kitu kingine, na pale ambapo kuna msaidizi hajalipwa basi sanamu ingesubiri.

Kuwakatalia wale wazazi wa 1839 hakukuwa na mahesabu yoyote. Yeye na mke wake Abigail walikuwa wapinga utumwa tangu zamani, na kwa wakati ule Boston ilikuwa na shule za watoto weusi peke yao kama utaratibu wa mji, kwa hiyo alijua anachokifanya na alijua bei yake.

Matokeo

Baada ya hapo alibaki na madeni ya maelfu ya dola na hakuwahi tena kuwa na shule yake ya aina ile. Kule Uingereza kuna watu walimpenda mpaka wakaita shule yao kwa jina lake, Alcott House, Emerson akamchangia nauli akaenda kuwaona 1842, na akarudi na wenzake waliokuja kuanzisha naye makazi ya pamoja ya Fruitlands, Juni 1843. Humo ndo mambo ya afya yalifika mwisho wake: hakuna nyama, hakuna maziwa wala mayai, hakuna chai wala kahawa, kuoga maji ya baridi, nguo za pamba marufuku kwa sababu pamba ni jasho la watumwa, na sufu marufuku kwa sababu ni ya kondoo. Walipanda wakiwa wamechelewa, wanaume wakawa wanasafiri kuhubiri, na shayiri ikaja kuokolewa na Abigail na watoto wakati mvua inakuja. Januari 1844 wakahama. Nawatajia kwa ufupi tu kwa sababu ni kisa kinachojitegemea, ila muone kuwa ni mtu yuleyule, wazo kubwa na anayelipia ni aliye karibu naye.

Kitu kinachosahaulika ni kwamba mwaka 1859, akiwa na karibu miaka 60, mji wa Concord, karibu na Boston, ulimpa kazi ya kusimamia shule zake kwa malipo madogo sana. Akazunguka shule zote, akaingiza kuimba na mazoezi ya viungo, na akawa anaandaa maonyesho ya watoto kila mwaka pale ukumbi wa mji, wazazi wanakuja kuona wenyewe.

Peabody kwa upande wake mwaka 1860 alifungua chekechea Boston, ya kwanza Marekani iliyoendeshwa kwa Kiingereza. Chekechea nyingi zilizofuata kule zina mkono wake.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Darasa lilifanya kazi. Ukisoma kumbukumbu za Peabody unaona watoto wadogo wanafikiri kwa sauti, wanabishana bila kutukanana, wanasubiriana. Mpangilio wa chumba, mwanga, nafasi, kutochapwa, kila mmoja na dawati lake, vyote hivi vilikuja kuwa kawaida kwenye shule duniani na wakati ule vilionekana vituko. Kuweka kumbukumbu ya maneno ya darasani nayo ilikuwa hatua kubwa, bila hiyo tusingekuwa hata na cha kujadili.

Ila tusimsifie kupita kiasi. Ukiyaangalia maswali yake vizuri, mengi yanamsukuma mtoto kwenye jibu ambalo mwalimu ameshalipenda, na watoto wana akili, wanajua mwalimu anataka kusikia nini. Kwa hiyo ile imani yake kwamba anachota ukweli safi kutoka kwa mtoto ilikuwa nusu nusu, sehemu alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia. Mwalimu anayetumia njia ya maswali leo ajirekodi siku moja asikilize, ataona.

Uchambuzi: kilichoharibu

Wazazi hawakuwahi kuwa ndani ya ile shule. Walikuwa wanalipa ada na kuleta watoto basi. Mwanzoni waliridhika kwa sababu kitabu cha Peabody kiliwaelezea kwa lugha wanayoielewa, na hapa ndo naona pengo kubwa kuliko yote: Peabody ndiye aliyekuwa daraja kati ya Alcott na mji, na alipoondoka hakuna aliyegundua kwamba daraja limeondoka. Yeye ndiye aliyejua Boston itachukia nini. Kumpoteza mtu kama huyo kwa ajili ya barua zilizofunguliwa na mshahara ambao haujalipwa ni hasara kubwa kuliko magazeti yote mawili. Mwenye shule ukiwa na mwalimu ambaye wazazi wanamsikiliza, mlipe kwanza yeye, na akikuambia hili litatuletea shida basi msikilize mara mbili hata kama unaona ana woga.

La pili ni kwamba alipopata onyo alitafuta njia ya katikati ambayo ilikuwa mbaya kuliko zote mbili. Angechapa yale maneno mahali pake kwenye mazungumzo, yangesomwa kwa muktadha, mtu angeona mtoto anajibu swali fulani baada ya lingine. Angeyaacha kabisa, kitabu kingepita. Kuyakusanya nyuma kulimpa adui kazi rahisi, na pia kulimwacha Peabody akiwa hajatendewa alichoomba.

La tatu, majina. Mtoto wa miaka sita alisema jambo darasani na mji mzima ukalijadili gazetini. Huyo mtoto hakuchagua. Mzazi wake naye, kama ni mtu wa heshima pale mjini, atafanya nini zaidi ya kumtoa mwanawe haraka? Tunawalaumu wale wazazi kwamba hawakuwa na msimamo lakini nikijiweka nafasi yao kwa hili la 1837, mwanangu angetoka pia, nikiwa naipenda ile shule na roho inaniuma.

1839 isichanganywe na 1837

Nimesoma watu wanaoandika kwamba Alcott alifunga shule mara mbili kwa sababu ileile, yaani kutowajali wazazi. Hapana, hapo nakataa kabisa. Mwaka 1837 wazazi walikuwa na haki ya kuuliza, jambo lao lilihusu watoto wao wenyewe na hawakuulizwa. Mwaka 1839 walikuwa wanadai mtoto wa mtu mwingine afukuzwe kwa rangi yake. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe anafundishwa nini na maneno yake yanapelekwa wapi, lakini haki hiyo haifiki kwenye dawati la mtoto wa jirani. Ukiyaweka haya mawili pamoja unaishia kumfundisha mwenye shule kwamba kila presha ya wazazi ni ya kusikilizwa, na hiyo ni hatari sana kwa mtoto ambaye ni mmoja tu darasani, awe ni wa rangi nyingine au dini nyingine au mwenye ulemavu.

Massachusetts, jimbo ambako Boston ipo, ilikuja kupitisha sheria ya kukataza kuwatenga watoto kwa rangi kwenye shule za umma mwaka 1855, miaka 16 baada ya hapo. Kwa hiyo mtu akiniuliza Alcott alitakiwa afanye nini tofauti ile 1839, kuhusu yule binti hakuna cha kubadilisha. Kuhusu hela kipo: angekuwa hajauchoma mtaji wote kwenye sanamu na juzuu mbili za kitabu, pengine angekuwa na kodi ya miezi michache mkononi, akaendelea kufundisha watoto watano waliobaki huku akitafuta familia nyingine ambazo zingekubali kukaa na huyo mmoja.